Ganda la Zabibu na Ramani ya Mvinyo Mwekundu

Mtu akiniuliza mvinyo mwekundu upi ni mzuri, namuuliza kwanza kama anauweza ukakasi. Namaanisha ule ukavu unaokamata ulimi na ufizi mara tu baada ya kumeza, mate yote yakaonekana kukatika. Wengi hushangaa. Walitarajia niwatajie nchi, au jina refu la Kifaransa wasiloweza kulitamka, na mimi nawauliza habari za ufizi wao. Lakini kazi ya kuhudumia mvinyo kwenye meli za abiria imenilisha miaka mingi, na sijaona swali linalofupisha mazungumzo kama hilo.

Kijana anayeanza kazi hii hukabidhiwa orodha: upande huu aina za zabibu, upande ule maeneo. Cabernet Sauvignon na Bordeaux, Pinot Noir na Burgundy, Sangiovese na Toscana, Tempranillo na Rioja, Malbec na Mendoza. Anaikariri, anafanya mtihani, wiki ya pili imeshamtoka. Silaumu orodha, hata mimi nilipitia humo. Ila haisemi kwa nini zabibu hii ikae hapa na ile ikae kule, na kitu kisicho na sababu hakishiki kichwani.

Sababu nilizipata kwa mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa ghala letu la mvinyo. Meli ilitia nanga Bordeaux wakati wa mavuno, na meli za abiria huingia mtoni hadi katikati ya mji, kwa hiyo asubuhi hiyo hiyo alituchukua wachache akatupeleka mashambani, eneo la Médoc. Alichuma tunda moja la Cabernet Sauvignon, dogo kama punje ya njegere, jeusi lenye vumbi la samawati juu yake. Akaliminya kati ya vidole viwili. Maji yaliyotoka hayakuwa na rangi yoyote. Nyama yake ilikuwa kidogo tu, mbegu mbili, na lile ganda nene limebaki kwenye kidole.

"Kijana, usimeze. Tafuna ganda peke yake."

Nikatafuna. Mwanzo utamu kidogo, kisha ufizi ukakauka wote na midomo ikanata kwenye meno. Akatoa mbegu kinywani mwake akaziweka kiganjani, akatuonyesha zilivyogeuka kahawia. Zingekuwa bado kijani, akasema, hata sukari ingejaa namna gani tunda halijaiva. Mvinyo wake ungekuwa na ukali wa majani. Wenye mashamba wa kule wana mashine za kupima sukari na uchachu, lakini siku za mwisho kabla ya kuvuna hupita kwenye mistari wakitafuna maganda na kutazama mbegu.

Maji ya karibu zabibu zote hayana rangi. Wekundu wa mvinyo, ukakasi ambao wataalamu wanauita tanini, na sehemu kubwa ya harufu, vyote viko kwenye ganda. Mbegu nazo huongeza tanini yake. Mvinyo mweupe hukamuliwa maganda yakawekwa kando. Mwekundu huachwa uchachuke pamoja na maganda, siku kadhaa au wiki kadhaa, huku yakisukumwa chini au maji yakipandishwa kwa pampu na kumwagwa juu yake ili yatoe kilichomo. Kwa hiyo unaposema aina ya zabibu nyekundu, kwa vitendo unasema aina ya ganda: nene au jembamba, la tunda dogo au kubwa. Tunda likiwa dogo, ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji, na mvinyo unakuwa mzito.

Ukishalishika hilo, ongeza swali la pili: tunda hili linahitaji msimu mrefu kiasi gani ili liive? Mashamba mengi ya mvinyo duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini, kwa sababu mzabibu unataka joto la kuivisha na baridi ya kulala. Ndani ya ukanda huo, maeneo yaliyotukuka kwa zabibu fulani mara nyingi ni yale ambayo zabibu hiyo huwahi kuiva kwa shida, mwisho kabisa wa msimu, kabla mvua na baridi havijaifikia. Ikiiva mapema mno, katikati ya joto kali, inajaa sukari kabla harufu yake haijakomaa. Ikichelewa inabaki na ukali wa majani. Maringo mengi ya Ufaransa na Italia yamesimama juu ya wiki mbili au tatu hizo za mwisho.

Bordeaux ndiyo inayoeleza hili vizuri kuliko darasa lolote. Mito ya Garonne na Dordogne inakutana na kuwa mlango mpana uitwao Gironde. Ng'ambo ya kushoto, kwenye vijiji vya Médoc kama Pauillac na Margaux, ardhi ni changarawe tupu iliyoletwa na mto. Ukitembea humo mchana unasikia joto likipanda kutoka kwenye mawe, na maji ya mvua yanazama mara moja. Cabernet Sauvignon, yenye ganda nene na inayochelewa kuiva, inauhitaji msaada huo. Ng'ambo ya kulia, Pomerol na Saint-Émilion, kuna udongo wa mfinyanzi na chokaa, baridi zaidi na wenye kushika maji. Huko Cabernet Sauvignon ingehangaika, lakini Merlot huiva mapema zaidi, ganda lake ni jembamba kuliko la mwenzake, na udongo wa mfinyanzi inaupenda. Mvinyo wa kushoto mara nyingi una mgongo mgumu, unataka miaka. Wa kulia ni mnene na laini zaidi, unakubali kunywewa mapema.

Na karibu wote huchanganya. Wageni melini hudhani mchanganyiko ni dalili ya udanganyifu, na nimetumia pumzi nyingi kuwaondolea wazo hilo. Mkulima wa pwani ile yenye mvua zisizotabirika hupanda Merlot, Cabernet Sauvignon, Cabernet Franc na kidogo Petit Verdot kwa sababu hazichanui siku moja wala haziivi siku moja. Baridi ya masika ikiunguza moja, mvua ya Septemba ikiharibu nyingine, bado ana kitu cha kujaza mapipa yake ya lita 225. Ladha ilifuata baadaye, ikakuta busara ya shamba imeshaandaa njia.

Orodha ya madaraja ya Bordeaux ya 1855, ile inayowatia watu homa, nitaipita haraka. Kwa mvinyo mwekundu, ilipanga majumba yenye mashamba ya Médoc, pamoja na moja tu la eneo la Graves, Haut-Brion, kwa kufuata hasa bei zilizokuwa zikilipwa sokoni wakati huo. Mabadiliko makubwa tangu hapo ni Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Pomerol haimo kabisa, na baadhi ya chupa za Pomerol leo zinauzwa ghali kuliko nyingi zilizomo. Nimewahi kumfungulia abiria chupa ya daraja la pili akaitazama lebo muda mrefu kuliko alivyotazama glasi. Sina ugomvi naye, pesa ni yake.

Jambo la Bordeaux linalonifurahisha zaidi lilikuja kujulikana miaka ya 1990, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipopima vinasaba na kukuta kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Zabibu nyekundu inayoogopwa kuliko zote kwa ukakasi ina mzazi mmoja mweupe. Tangu nilijue hilo, kila nikikutana na Cabernet ya mwaka wa baridi yenye harufu ya majani mabichi au pilipili hoho, namwona huyo mzazi akichungulia.

Burgundy ni dunia nyingine. Hapo nyekundu karibu ni moja tu, Pinot Noir, yenye ganda jembamba linalopasuka kwa mvua ndogo na kuoza kwa unyevu kidogo. Huiva mapema, kwa hiyo inataka mahali pa baridi pa kuichelewesha. Kwa kuwa ganda halina mengi ya kuficha nyuma yake, kila tofauti ya ardhi inajitokeza kwenye glasi, au ndivyo wenyewe wanavyoamini, na baada ya kunywa nyingi nimekubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mteremko wa Côte d'Or umekatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na jina na daraja lake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo kwenye urithi wa dunia. Shamba la Romanée-Conti lina hekta 1.8 hivi tu. Clos de Vougeot, lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux, lina hekta zipatazo 50 lakini wenyewe wanakaribia 80, kwa sababu mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa na baadaye mauzo na mirathi vikaendelea kugawa. Mmoja anaweza kumiliki mistari michache tu ya mizabibu.

Hii ndiyo sababu Burgundy inavunja moyo wa mnunuzi. Chupa mbili zenye jina lile lile la Clos de Vougeot, mwaka ule ule, zinaweza kutofautiana kabisa: moja ya sehemu ya juu ya mteremko kwa mtu makini, nyingine ya chini penye maji kwa mtu anayeuza jina. Ushauri wangu kwa Burgundy ni kujifunza majina ya wazalishaji kabla ya majina ya mashamba.

Kusini yake kidogo, Beaujolais, juu ya mawe ya graniti, kuna Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, aliamuru Gamay ing'olewe kwenye ardhi yake kwa kuwa ilizaa sana na, kwa maoni yake, ilidhalilisha mvinyo wa eneo. Ikateremka kusini ikapata udongo unaoifaa. Wengi wanaijua kwa ule mvinyo mchanga unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, uliotengenezwa haraka kwa kuchachusha matunda mazima bila kuyaponda. Mimi nawasukuma wageni kwenye maeneo yake mahsusi, Morgon na Moulin-à-Vent, na mara nyingi wanarudi kuomba tena.

Italia ndiyo iliyonivunjia imani kwamba rangi inasema kitu. Mzee wetu aliwahi kutumiminia glasi mbili bila kuonyesha chupa, akauliza ipi ni nyepesi. Moja ilikuwa nyeusi tii, nyingine nyekundu iliyopauka, ukingo wake ukielekea rangi ya tofali. Ungeweza kusoma maandishi kupitia humo. Mwenzetu mmoja akaichukua ile iliyopauka akapiga funda kubwa kwa kujiamini. Uso ulimkunjamana hadi sote tukacheka. Ilikuwa Barolo.

Zabibu ya Barolo ni Nebbiolo, ya vilima vya Piemonte. Ganda lake lina rangi kidogo na tanini nyingi, mchanganyiko ambao huupati kwa urahisi kwingine. Huchipua mapema na huvunwa miongoni mwa za mwisho, mara nyingi Oktoba ukungu ukiwa umeshashuka mabondeni, ndiyo maana wanaiwekea miteremko mizuri inayotazama kusini. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, isiyopungua 18 kati yake ikiwa kwenye mbao. Hata hapo bado inaweza kuuma. Lakini inueni glasi ya Barolo iliyokaa miaka 15 au 20, munuse mawaridi makavu na lami kwa pamoja, ndipo mtajua kwa nini watu wanaivumilia. Nimejaribu kunywa Nebbiolo iliyopandwa nje ya kaskazini mwa Italia na kwa maoni yangu ni chache sana zinazokaribia. Zabibu hii haipendi kuhama.

Sangiovese ya Toscana inahama vizuri kidogo kuliko hapo, ingawa bora yake bado iko nyumbani: Chianti Classico kwa uchachu wake mkali, na Montalcino, ambako Brunello lazima iwe Sangiovese tupu na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno. Mipaka ya Chianti iliwekwa kwa amri ya mtawala Cosimo III mwaka 1716, na Douro ya Ureno ikafuatia kwa mfumo wake mwaka 1756 chini ya Marquis wa Pombal. Watu wanaodhani sheria za mvinyo ni urasimu wa juzi wanapaswa kuziangalia tarehe hizo.

Somo kubwa kuliko yote nililipata kwa Syrah, na ningekuwa na saa moja tu ya kumfundisha mtu, ningeitumia yote hapo. Zabibu hii ina kwao bonde la juu la mto Rhône, na vinasaba vinasema wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote za kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kilima cha Hermitage, hekta zipatazo 136, kinasimama wima juu ya mto. Côte-Rôtie kuna ngazi za mawe ambapo trekta haliwezi kupita na kazi inafanywa kwa mkono na kwa kamba. Mvinyo wa huko una harufu ya pilipili manga, moshi, maua ya urujuani, na unakaa wima mdomoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 James Busby alikusanya vipandikizi vya mizabibu huko Ulaya akavipeleka Australia. Huko ikaitwa Shiraz, na kwenye joto la Barossa ikageuka: laini, tamu ya tunda lililoiva, nzito, kilevi asilimia 14 au 15 bila aibu.

Tulipofika Adelaide nilipata nafasi ya kwenda Barossa kuiona mizabibu iliyopandwa miaka ya 1840. Mashina yake ni manene, yamejisokota, yamejikita chini bila waya wala nguzo. Maganda ya shina yanabanduka vipande vipande ukiyagusa. Juu ya shina lenye umri wa karne na nusu na zaidi kunakaa vishada vichache tu, na tunda lake ni dogo. Mizabibu hii ipo hai kwa sababu mdudu filoksera, aliyekula mizizi ya mashamba ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860, hakuwahi kuingia Australia Kusini. Ulaya ililazimika kubebesha mizabibu yake karibu yote juu ya mashina ya Marekani, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Kwa hiyo Syrah yenye mizizi yake yenyewe, ya kizazi cha kabla ya balaa, unaitafuta Australia kuliko unavyoitafuta Ufaransa.

Weka glasi hizo mbili pamoja, Cornas au Hermitage za Rhône upande huu, Barossa upande ule. Ile pilipili manga unayoinusa kwenye ya kwanza inatokana na kemikali iitwayo rotundone, iliyomo pia kwenye pilipili manga yenyewe. Watafiti wa Australia waliitambua kwenye Shiraz wakachapisha mwaka 2008. Hupatikana zaidi tunda likiivia mahali pa baridi. Na karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa kabisa. Niliposoma hilo nilikumbuka wahudumu wenzangu waliokuwa wakikosolewa mezani kwamba pua zao hazifai waliposema hawanusi pilipili manga, kumbe walikuwa wakisema kweli.

Rhône ya kusini ni ya Grenache, ganda jembamba, sukari nyingi, rangi isiyokaa sana. Inapenda joto na inahimili upepo wa mistral kwa kuwa shina lake ni gumu. Châteauneuf-du-Pape inaruhusu aina 13, lakini Grenache ndiyo inayobeba mzigo. Hispania wanaiita Garnacha, na Priorat, kwenye mawe meusi ya sleti, inatoa mvinyo mzito ambao siupendekezi kwa mtu anayeanza.

Rioja napendekeza kwa kila mtu. Tempranillo haina makali makubwa, huiva mapema, na wenyewe wanakusaidia kazi ya kusubiri: Gran Reserva ya Rioja haiuzwi kabla ya miaka mitano, isiyopungua miwili ndani ya pipa. Mwaloni wa Marekani waliozoea kuutumia unaipa harufu ya vanila na nazi. Zabibu hiyo hiyo ikipanda hadi mita 800 na zaidi Ribera del Duero inapata ganda nene na rangi nzito, na ikivuka mpaka kuingia Ureno inaitwa Tinta Roriz na kuchanganywa na Touriga Nacional.

Amerika ya Kusini inaonyesha jambo jingine: zabibu iliyoshindwa kwao inaweza kwenda kutawala ugenini. Malbec ilikuwa ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, na bado eneo la Cahors huko linaitegemea, lakini Bordeaux baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu yake mingi na wakulima hawakujisumbua kuipanda tena. Argentina ilikuwa imeipokea tangu 1853, ilipoletwa na Michel Aimé Pouget. Mendoza ni jangwa linalonyweshwa na theluji iliyoyeyuka ya Andes, na kwenye Bonde la Uco mashamba yanavuka mita 1,000. Mchana jua ni kali kiasi cha kunenepesha ganda, usiku baridi inashusha kila kitu, na adui mkubwa ni mvua ya mawe, ndiyo maana utaona mistari imefunikwa nyavu.

Chile nako waliishi na Carmenère bila kujua. Ililetwa kutoka Bordeaux karne ya 19 ikiwa imechanganyika na Merlot, kisha filoksera ikaifuta karibu kabisa huko ilikotoka. Wachile waliivuna pamoja na Merlot, ingawa huiva wiki kadhaa baadaye, na wanywaji wakawa wanalalamika kwamba Merlot ya Chile ina ladha ya majani. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot akaitazama shambani akasema hii si Merlot. Walipoanza kuitenga na kuisubiri hadi iive, ikawa mvinyo mwingine.

Afrika Kusini ina yake, Pinotage, aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 huko Stellenbosch kwa kukutanisha Pinot Noir na Cinsault. Watu ama wanaipenda ama hawataki kuisikia. Iliyotengenezwa vibaya inanuka rangi ya kupaka ukutani. Ya mizabibu mizee isiyowekewa nyaya, mikononi mwa mtu anayejali, ningeiweka mbele ya mgeni yeyote.

California siizungumzii kwa muda mrefu kwa sababu inajisemea. Mei 24, 1976, jijini Paris, majaji wa Kifaransa walionja bila kuona lebo na Cabernet ya Stag's Leap ya mwaka 1973, kutoka Napa, ikashika nafasi ya kwanza mbele ya Mouton Rothschild ya 1970. Kinachonivutia mimi California ni Zinfandel, iliyodhaniwa kuwa ya Wamarekani tangu asili hadi vinasaba vikaonyesha kwamba ni zabibu moja na Primitivo ya kusini mwa Italia, na mwaka 2001 ikapatikana kwenye pwani ya Kroatia mizabibu michache ya Crljenak Kaštelanski, ambayo ndiyo yenyewe. Na wanaotafuta asili ya yote waende Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasi, ambako mabaki ya mvinyo yana umri wa miaka kama 8,000, na ambako zabibu ya Saperavi inaivunja kanuni yangu: nyama yake yenyewe ni nyekundu.

Kitu kimoja cha kazi yetu nitakisema kwa sababu kinaharibu chupa nyingi kuliko kizibo kibovu. Ule usemi wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ni wa vyumba vya mawe vya Ulaya kabla ya mitambo ya joto. Chumba cha nyuzi 26 kinaifanya Shiraz inuke kilevi kitupu. Cabernet na Barolo naziweka nyuzi 16 hadi 18, Pinot Noir na Gamay 13 hadi 15, na nikiletewa chupa yenye joto naiweka kwenye ndoo ya barafu dakika kumi bila kuomba ruhusa. Abiria mmoja aliwahi kunifokea kwa hilo. Alipoonja alinyamaza, akamaliza chupa.

Ramani yote hii niliyoieleza imeanza kusogea. Joto likiongezeka Merlot ya Bordeaux inaiva mapema ikiwa imejaa sukari, na ule mwisho wa msimu uliokuwa ukiwahiwa kwa shida sasa unafika mapema. Mwaka 2021 Bordeaux iliruhusu aina mpya kwa majaribio, zisizozidi asilimia 5 ya eneo la shamba na asilimia 10 ya mchanganyiko. Nyekundu ni nne: Touriga Nacional ya Ureno, Castets, Arinarnoa na Marselan. Hii ya mwisho ndiyo ninayoifuatilia. Ilizalishwa na Paul Truel mwaka 1961 kusini mwa Ufaransa kwa kuichanganya Cabernet Sauvignon na Grenache, ikawekwa kabatini kwa sababu matunda yake yalitoka madogo na wakati ule walitaka zabibu za kujaza matangi. Baadaye ikaruhusiwa, Wachina wakaipenda, na chupa ya China niliyoonja ilikuwa na rangi nzito, ukakasi laini na harufu ya matunda meusi ambayo sikuitarajia. Sasa wakulima wa Bordeaux nao wameanza kuipanda. Nasubiri kuona wataiweka kwenye changarawe au kwenye mfinyanzi.